Oginga Odinga: Alianza kwa kuuza hisa, akaishia kusaka kura

WENGI wanamkumbuka Jaramogi Oginga Odinga kama Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Wachache wanakumbuka kuwa kabla ya kuomba kura, alikuwa akiomba watu wanunue hisa.

Odinga alizaliwa Sakwa, Bondo, mwaka 1911. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu Maseno. Wakati huo biashara kubwa za Nyanza zilikuwa mikononi mwa Waasia, na Mwafrika alibaki mnunuzi tu.

Mwaka 1947 shirika lake, Luo Thrift and Trading Corporation, liliandikishwa. Mtaji ulitoka kwa wanakijiji na Waluo waliofanya kazi mijini. Odinga aliwafuata hadi Uganda na Tanganyika. Shirika likaingia katika maduka, uchapishaji na ujenzi.

Mazingira yalikuwa magumu. Kwa sheria ya mikopo ya mwaka 1948, deni la Mwafrika lililozidi Sh 200 halikuweza kudaiwa mahakamani bila mkataba kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Wauzaji wa jumla waliogopa kumkopesha. Hivyo akiba ya wanachama ndiyo ilikuwa benki yao, na shirika halikuweza kuwafikia wafanyabiashara wakubwa wa Kiasia.

Lakini safari zile zilimpa mtaji mwingine: watu waliomfahamu na kumwamini. Aliongoza Umoja wa Waluo wa Afrika Mashariki akiwa Ker, na mwaka 1957 alimshinda B. A. Ohanga katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, kiti cha Nyanza ya Kati. Mwaka uliofuata alisimama barazani kumtetea Jomo Kenyatta aliyekuwa kifungoni.

Alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1964 hadi 1966, alipojiuzulu na kuongoza chama cha KPU. Alizuiliwa mwaka 1969 na kuachiwa 1971. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba, lakini hakudumu. Aligombea urais mwaka 1992 akashindwa, na akafariki Januari 20, 1994.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa leo, somo ni moja. Odinga hakupata utajiri mkubwa katika shirika lile, ila kila hisa aliyouza ilimjengea jina, na jina hilo ndilo lililompeleka barazani.