Kwaresima ya Msemaji Aliyenyamaza

Gregory wa Nazianzus alizaliwa mnamo mwaka wa 329 hivi katika eneo la Kapadokia, ambalo sasa limo nchini Uturuki. Babake alikuwa askofu. Alisomea balagha Alexandria na hatimaye Athens, alikosuhubiana na Basil, mwanatheolojia mwenzake.

Ulimi ndio uliomjengea jina. Alipowasili Constantinople mwaka wa 379, wafuasi wa imani ya Nikea hawakuwa na kanisa hata moja mjini humo, naye akawahubiria katika nyumba ya jamaa yake. Miaka miwili baadaye ndiye aliyeongoza Mtaguso wa Constantinople. Maaskofu wenzake wakamzonga kwa mabishano hadi akajiuzulu kabla ya kikao kumalizika, akarejea kwao akiwa mgonjwa na mwenye uchungu moyoni.

Kwaresima ya mwaka wa 382 ilimkuta katika hali hiyo. Chakula alikuwa amekizoea kukikosa, kwani kwa miaka mingi aliishi maisha ya kujinyima. Kuacha nyama au divai kusingemgharimu sana. Akachagua kuacha kusema. Siku zote za mfungo hakutamka neno, hata mbele ya wageni. Sababu aliieleza katika shairi: ulimi wake ulikuwa ukivuka mpaka, naye aliona kwamba njia ya kujifunza kiasi katika usemi ni kuuzuia usemi wote kwanza. Kwa mtu aliyetoka kuumizwa na wenzake, na aliyejua jinsi maneno yake yalivyoweza kukata, huo haukuwa mfungo mwepesi.

Afisa mmoja wa serikali, Celeusius, alimlaumu kwa kimya hicho. Gregory alimjibu kwa barua yenye kisa cha mbayuwayu waliowadhihaki batamaji kwa kutoimba mbele ya watu; batamaji wakajibu kuwa wao hufuatwa nyikani na wanaotaka kuwasikiliza.

Yumkini msomaji atauliza huo ni mfungo gani, ulimi ufungwe na kalamu iachwe huru. Swali hilo lina uzito. Hata hivyo, Gregory alieleza kwamba alitunga mashairi ili kuidhibiti tabia yake ya kupita kiasi, kwa kuwa anayehangaika kuyapatanisha maneno na vipimo vya ushairi hawezi kuandika ovyo. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hoja hii. Neno mizani kwake ni hesabu ya silabi, na ni chombo cha kupimia pia. Metron ya Kigiriki nayo ni kipimo cha vitu na cha ushairi vilevile. Ila mtu aliyetuachia mishororo ipatayo 17,000 ni vigumu kusema kwamba alifaulu kabisa kujibana.

Pasaka ilipofika, alikifungua kinywa chake kwa utenzi wa kumsifu Kristo. Alilihudumia kanisa la Nazianzus hadi mwaka wa 383, kisha akajitenga katika shamba la wazazi wake huko Arianzus, alikoendelea kutunga hadi alipofariki mwaka wa 390 hivi.