Janne Rydberg: mtu aliyehesabu vidato vya atomu

 

Safari hii tunakuletea maisha ya Mswidi mmoja ambaye jina lake hutajwa na wanafizikia dunia nzima, ingawa huenda hapa Alby hujawahi kulisikia. Aliitwa Johannes Robert Rydberg. Watu walimwita Janne.

Janne alizaliwa tarehe 8 Novemba 1854 huko Halmstad, mji wa bandari ulioko pwani ya magharibi ya Sweden. Kama mama au baba yako alikulia Tanga, Lamu au Mombasa, atauelewa mji wa namna hiyo: bahari, meli na wafanyabiashara. Baba yake Janne mwenyewe alikuwa mfanyabiashara. Alifariki mtoto akiwa na miaka minne tu, na mama akabaki na kazi ya kumlea.

Mwaka 1873 Janne alimaliza shule, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Lund. Mwaka 1879 alipata udaktari wa hisabati. Lakini kulikuwa na swali la kemia lililomsumbua: kwa nini ukizipanga elementi kwenye jedwali, tabia zao hujirudiarudia? Aliamini jibu limejificha ndani ya mwanga.

Muulize mama kama amewahi kuona chumvi ikidondokea kwenye moto wa jiko. Mwali hugeuka manjano. Rangi hiyo hutoka kwa natiri iliyomo ndani ya chumvi. Ukiupitisha mwanga wake kwenye kipande cha kioo chenye pembe tatu, huoni upinde wa mvua mzima. Unaona mistari myembamba tu, kila mmoja mahali pake. Kila elementi ina mistari yake, kama wewe ulivyo na alama za vidole vyako.

Wataalamu walikuwa wameshaipima mistari hiyo kwa miaka mingi. Namba zilijaa vitabuni, lakini utaratibu wake haukujulikana. Mwaka 1885 mwalimu mmoja wa Uswisi, Johann Balmer, alipata kanuni ya mistari minne ya haidrojeni. Janne alitaka kanuni itakayofaa elementi nyingi. Badala ya kupima urefu wa wimbi la mwanga, alihesabu mawimbi mangapi yanaenea katika sentimita moja. Hapo utaratibu ukaanza kuonekana. Kanuni yake aliipata mwaka 1888, na mwaka 1890 akachapisha kazi yake kubwa. Ndani ya kanuni hiyo kuna namba moja inayojitokeza kila mara, elementi yoyote utakayochukua. Leo tunajua ni karibu 109,737 kwa kila sentimita, na inaitwa namba ya Rydberg.

Maana ya namba hiyo ilieleweka mwaka 1913, Niels Bohr wa Denmark alipoeleza kwamba elektroni ndani ya atomu hukaa kwenye vidato, kama vidato vya ngazi ya jengo lenu. Namba ya Rydberg inatuambia atomu inaishika elektroni yake kwa nguvu kiasi gani. Tuchukue haidrojeni. Kwenye kidato cha kwanza elektroni imeshikwa sana. Kwenye kidato cha pili nguvu hiyo ni robo tu. Cha tatu, sehemu moja ya tisa. Cha kumi, sehemu moja ya mia. Kwenye kidato cha 30 imebaki sehemu moja ya 900, na atomu yenyewe imetanuka mara 900. Atomu kubwa namna hiyo huitwa atomu ya Rydberg.

Sasa nenda dirishani, weka mkono juu ya kipasha joto bila kukigusa. Unahisi joto, sivyo? Kila kitu chenye joto hutoa mwanga usioonekana: kikombe cha chai, ukuta, hata mwili wako. Huo ndio mionzi ya joto. Mwanga huo huja kwa chembe ndogondogo. Chembe moja ya kawaida, katika chumba kama chako, ina karibu sehemu moja ya 200 tu ya nguvu inayotakiwa kuing'oa elektroni kutoka kidato cha kwanza. Ndiyo maana kuta za chumba haziivunji chai yako kuwa vipande vya atomu!

Lakini piga hesabu. Elektroni ya kidato cha 30 inahitaji sehemu moja ya 900 tu. Kwa hiyo chembe ileile ya mwanga wa joto sasa inatosha, tena inazidi mara nne. Mara nyingine huisukuma elektroni hadi kidato cha jirani. Mara nyingine huitoa nje kabisa, na atomu iliyobaki huitwa ayoni. Hakuna moto wala radi. Joto la chumba limetosha. Mwaka 1979 wanafizikia walionyesha maabarani jinsi mionzi ya joto inavyozigusa atomu hizi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuzihifadhi huzipoza sana kuta za chombo chake.

Turudi kwa Janne. Mwaka 1886 alimwoa Lydia Carlsson, wakapata watoto watatu. Mshahara wa chuo ulikuwa mdogo. Kuanzia mwaka 1891 alikagua hesabu katika benki ya akiba mjini Lund, na kuanzia 1905 alifanya hesabu za bima huko Malmö. Aliyeutafuta mpangilio wa atomu alikagua pia vitabu vya fedha za watu.

Mwaka 1897 aliomba uprofesa wa fizikia. Wataalamu wa nje walimsifu, lakini hakupewa. Mwaka 1901 alipata uprofesa wa ngazi ya chini, na uprofesa kamili mwaka 1909, akiwa na miaka 54. Miaka michache baadaye aliugua sana. Alifariki Lund tarehe 28 Desemba 1919, bila tuzo ya Nobel.

Wazazi wengi wa hapa Alby wanayajua maisha hayo: cheti kiko kabatini, kazi ya kila siku ni nyingine. Hatusemi kwamba subira hulipa daima. Janne hakulipwa vyote alivyostahili. Tunachokwambia, mwanafunzi, ni kwamba kazi ya mtu haikuelezi yote anayoyajua. Muulize.

Kazi ya nyumbani
1. Kwenye kidato cha 5 elektroni ya haidrojeni imeshikwa kwa sehemu moja ya ngapi? Na cha 20? Je, chembe yetu ya mwanga wa joto ingetosha kuing'oa katika kila kidato?
2. Mweleze babu au bibi kwa simu, kwa Kiswahili, kwa nini chumvi huugeuza moto kuwa manjano.
3. Muulize mzazi wako alisomea nini, na anachokumbuka hadi leo. Andika sentensi tano, uje nazo darasani.