Dorothea Dix: Mwalimu Aliyeingia Jela Kufunza Bibilia, Akatoka Akiwasumbua Waheshimiwa Hadi Uzeeni

Leo wacha tuongee kuhusu jela, lakini si ile stori ya nani ameshikwa na nani ametoka kwa bondi. Huko Marekani, wabunge wa majimbo kila mara hukaa chini kuumiza kichwa na jambo moja: jela zimejaa, doh za kuziendesha ni mob, sasa tufanyeje? Kuna wale hutaka kujenga zingine. Kuna wale hutaka kupunguza vifungo. Lakini kuna swali ambalo mtu aliuliza kitambo sana na bado linauma: kabla ujenge jela ingine, umeangalia ni nani wako ndani?

Aliyeuliza hakuwa mheshimiwa. Hakuwa wakili. Hata kura hangeweza kupiga. Alikuwa mwalimu tu, mtu wa kifua kibovu na sauti ya chini, anaitwa Dorothea Lynde Dix. Kaa hapo nikupe rada.

Dorothea alizaliwa tarehe 4 Aprili 1802 huko Hampden, Maine, kaskazini kabisa mwa Marekani. Maisha ya nyumbani hayakuwa fiti. Budake alikuwa mhubiri wa kuzunguka na pia mtu wa chupa, mathe alikuwa mtu wa kuugua, na mzigo wa kulea ndugu zake wawili ukamwangukia yeye. Akiwa na miaka 12 aliwacha hiyo boma akaenda kwa shosho yake Boston. Shosho alikuwa na mali, lakini pia alikuwa na sheria kama za bodingi.

Sikiza hii sasa. Akiwa na miaka 14, umri wenye wewe ulikuwa unatoroka preps, huyu msichana alifungua shule yake mwenyewe mjini Worcester. Alivaa marinda marefu ndio watoto wamwone kama mtu mzima. Baadaye akafungua ingine Boston, na kando akawa anafunza watoto wa masufferer bila malipo. Mwaka wa 1824 akatoa kitabu cha watoto kilichochapishwa tena na tena. Digrii hakuwa nayo. Harvard ilikuwa hapo karibu, lakini haikuwa inachukua wanawake. Kwa hivyo wewe na mimi tuliowacha college katikati, tusijihurumie sana.

Mwaka wa 1836 mwili ulikataa. Kifua kilimlemea, kichwa kikachoka, madaktari wakamwambia apumzike. Alivuka bahari hadi Liverpool, Uingereza, akakaa kwa familia ya kina Rathbone, watu wa pesa waliokuwa wanapigania mabadiliko. Hapo ndipo alikutana na wazo ambalo kwao Marekani lilikuwa bado changa: kwamba mtu akiugua akili, dawa si minyororo, ni matunzo. Akiwa bado huko shosho yake akafariki, akamwachia urithi. Aliporudi nyumbani hakuwa na shida ya rent. Angeweza kukaa tu akunywe chai hadi azeeke.

Lakini Machi 1841, mwanafunzi mmoja wa theolojia alikuwa anatafuta mtu wa kufunza wanawake Bibilia Jumapili kwa jela ya East Cambridge, hapo nje ya Boston. Dorothea alikuwa na miaka 38. Akasema ataenda mwenyewe.

Alimaliza kufunza, akaomba kuonyeshwa seli zingine. Huko ndani alipata wanawake ambao hawakuwa wameiba wala kuua mtu. Walikuwa wagonjwa wa akili. Walikuwa wamewekwa pamoja na wafungwa, mahali pachafu, baridi ya Massachusetts inawachapa, na hakuna jiko. Akauliza mbona hakuna moto. Mlinzi akamwelezea, bila hata aibu, kwamba wendawazimu huwa hawasikii baridi.

Hapo ndipo maisha yake yalipinda. Wengi wetu tungeenda nyumbani tukasirike, tuambie mabeshte, kesho tusahau. Yeye alipeleka hiyo mambo kortini, na zile seli zikawekwa moto. Halafu akajiuliza: kama hapa ni hivi, kwingine je?

Akachukua daftari akaanza kuzunguka jimbo lote la Massachusetts. Karibu miaka miwili alikuwa anaingia jela moja hadi ingine, nyumba za maskini, hadi vibanda vya nyuma ambako watu walikuwa wameficha wagonjwa wao. Hakuandika maneno ya jumla. Aliandika mji, akaandika hali ya mtu. Medford alipata mtu amefungwa kwa kijumba kama cha ng'ombe, na hapo alikuwa amekaa miaka 17. Danvers alipata mwanamke kijana ndani ya kitu kama tundu, anajichuna ngozi kwa mikono yake. Kulikuwa na waliofungiwa sela za chini, walio uchi, waliochapwa ndio watulie.

Hapa lazima uelewe venye Marekani imepangwa. Kila jimbo lina bunge lake, na hilo bunge ndilo huamua sheria za jinai, magereza na bajeti. Fikiria bunge la kaunti yako, lakini likiwa na nguvu mara kumi. Ukitaka kubadilisha jela za jimbo, ni lazima uwapate hao waheshimiwa. Shida ni kwamba mwanamke wakati huo hangekubaliwa kusimama mbele yao aongee. Basi Dorothea akaandika waraka. Januari 1843 rafiki yake Samuel Gridley Howe, daktari aliyekuwa pia mbunge, akauwasilisha.

Ngori ilianza mara moja. Wasimamizi wa zile nyumba wakaruka kwa magazeti wakasema huyu mama ni mwongo, ameongeza chumvi. Lakini utabishana aje na mtu aliyeandika jina la mji na kitu alichokiona kwa macho yake? Waliotumwa kuangalia wakarudi wakisema ni ukweli. Bunge likapitisha pesa za kupanua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester.

Ungedhani angepumzika. Wapi! Kwa miaka 3 alisafiri zaidi ya kilomita 16,000, kwa farasi, meli na treni za enzi hizo, na kile kifua chake kibovu. Aliingia magereza 18 ya majimbo, jela 300 za kaunti na nyumba za maskini zaidi ya 500. Mbinu ilikuwa ile ile: fika, hesabu, andika, wape waheshimiwa. Jioni alikuwa anawakaribisha kwa chumba alichopanga, anaongea nao kwa upole hadi mgumu analegea. New Jersey ilikubali mwaka wa 1845, na hospitali ya Trenton ikafunguliwa 1848.

Mwaka huo huo alikuwa Raleigh, North Carolina. Mswada ulikuwa unaelekea kuanguka kwa sababu waheshimiwa waliona ni gharama tu. Kwa hoteli aliyokuwa anaishi, kulikuwa na mke wa mbunge mmoja, James Dobbin, mgonjwa mahututi. Dorothea alikaa kando ya kitanda chake akimtunza. Yule mama alimuuliza atamlipa nini. Akaombwa kitu kimoja: amwambie mumewe autetee mswada. Mama alifariki. Dobbin akatoka matangani akarudi bungeni akaongea, na mswada ukapita.

Mwaka wa 1845 aliandika pia kitabu kidogo kuhusu magereza ya Marekani. Aliangalia urefu wa vifungo, chakula, maji, hewa, masomo ya wafungwa. Lakini nisikudanganye, huyu hakuwa malaika. Aliunga mkono mfumo wa Pennsylvania wa kumweka kila mfungwa peke yake ndani ya seli, akiamini upweke humrekebisha mtu. Leo tunajua upweke wa aina hiyo unaweza kuvunja akili, kile kile alichokuwa anapigania kuokoa. Pia alizunguka majimbo ya kusini, akaona utumwa kwa macho yake, na hakuupinga. Macho yaliyoona mgonjwa ndani ya tundu yaliangalia mtumwa yakapita. Hiyo pia ni sehemu ya stori yake, na haifai kufichwa.

Ushinde wake mkubwa ulikuja 1854. Alikuwa ameomba serikali kuu itenge ardhi, zaidi ya ekari milioni 12, iuzwe ndio pesa zitunze wagonjwa wa akili na viziwi. Mabunge yote mawili yalipitisha. Rais Franklin Pierce akakataa kutia sahihi, akasema kutunza maskini ni kazi ya majimbo. Miaka 6 ya kubembeleza, ikaisha kwa kalamu moja.

Alienda Ulaya kupoza moyo, na hata huko hakutulia. Scotland alipata hali mbaya, akasumbua wakubwa London hadi uchunguzi rasmi ukafanywa na sheria ikabadilishwa mwaka wa 1857. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka wa 1861, alifanywa msimamizi wa manesi wa jeshi la Kaskazini. Aliweka masharti ya kuchekesha: nesi awe na miaka 35 kwenda juu, sura ya kawaida, nguo isiyo na mapambo. Madaktari walimchukia, mamlaka yake yakapunguzwa, lakini kazi ilifanyika.

Akiwa mzee na mgonjwa, mwaka wa 1881, alirudi Trenton. Hospitali aliyoipigania ilimpa mahali pa kukaa. Alifariki humo tarehe 17 Julai 1887, na miaka 85. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliacha zaidi ya hospitali 30 zilizojengwa au kupanuliwa kwa sababu ya mdomo wake na daftari lake.

Ningependa kumalizia hapo, lakini kuna sehemu chungu. Zile hospitali zilijazwa watu kupita kiasi, waheshimiwa waliokuja baadaye wakabana bajeti, na nyingi zikageuka kuwa mahali pa kutupa watu. Karne ya 20, kuanzia miaka ya 50, majimbo yakaanza kuzifunga. Ahadi ilikuwa kwamba wagonjwa watatibiwa karibu na nyumbani. Kufunga kulifanyika. Hizo kliniki, nyingi hazikujengwa. Hospitali ya Raleigh ilifungwa 2012, na leo ule uwanja ni bustani yenye jina lake.

Wale wagonjwa walienda wapi? Wengi waliishia barabarani, halafu polisi wakawaokota. Leo jela ya Cook County kule Chicago, ya Los Angeles na Rikers Island kule New York zinatajwa kati ya mahali pakubwa zaidi pa kushikilia wagonjwa wa akili nchini humo. Yaani zaidi ya miaka 180 baadaye, tumerudi East Cambridge.

Kwa hivyo ukisikia mheshimiwa anasema jela zimejaa, usianze kupiga hesabu ya vitanda. Uliza swali la Dorothea. Ni nani wako ndani, walifanya nini, na nani kati yao hakufaa kuwa hapo kabisa? Yeye hakuwa na cheo wala kura. Alikuwa na daftari, na alikataa kukubali kwamba kuna mtu hasikii baridi.