Mwalimu Nyerere na Thamani ya Kura

Kila uchaguzi ukaribiapo, wako watu wenye mazoea ya kungojea. Hungojea waitwe, hungojea wasukumwe, na siku yenyewe ikifika hukuta majina yao hayamo katika orodha. Kwa ndugu zetu wakulima na wavuvi wa Talatala, na kwa wote wakaao katika bonde la Kyela mpaka ukingoni mwa Ziwa Nyasa, twapenda kuyakumbusha maisha ya mtu ambaye hakungojea. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, kisha akaenda Edinburgh huko Uskochi. Aliporudi mwaka 1952 alipata kazi ya kufundisha Pugu, na angeweza kutulia hapo akala mshahara wake kwa amani. Lakini mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, akajitoa kwa kazi ya chama.

Kisha ulikuja mtihani wa kura. Serikali ya Mwingereza ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti mazito. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo maalum. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Asipofanya hivyo kura yake ilikuwa bure. Katika nchi ya watu karibu milioni tisa, walioandikishwa hawakufika 60,000. Mkulima wa mpunga wa bondeni na mvuvi wa ziwani, asiye na kipato hicho wala shule hiyo, hakuhesabiwa.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Wengi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Walitaka chama kisusie uchaguzi ule. Mwalimu hakuwaambia kwamba masharti yalikuwa mema. Aliwaonyesha kwamba viti vitakavyoachwa wazi vitakaliwa na wapinzani wa uhuru. Baada ya siku za mabishano mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake cha ANC.

Uamuzi ule haukuwa na faida yo yote bila kazi. Ilibidi kila mwenye sifa atafutwe, aelezwe, na aandikishwe kabla ya muda kwisha. Mwaka huo huo Mwalimu alishtakiwa kwa maandishi yaliyowashutumu maofisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini, akarudi kazini. Septemba 1958 majimbo matano yalipiga kura, na miongoni mwake lilikuwamo Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, ambalo Kyela yetu, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Rungwe, ilikuwa ndani yake. Majimbo mengine yalifuata Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono walishinda. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya uhuru ikapanda.

Mwezi mmoja tu baadaye, Januari 1962, Mwalimu aliacha Uwaziri Mkuu akaenda kukijenga chama mikoani na vijijini. Alijua kwamba uhuru usio na mizizi kijijini hunyauka. Naye hakuogopa hukumu ya wananchi: katika uchaguzi wa 1965, wagombea wakitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikataliwa na wapiga kura, na uamuzi wao ukaheshimiwa.

Haifai tuseme kwamba hakukosea. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri waziwazi kwamba hayo yalikuwa makosa makubwa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa. Somo hilo tumelipata kwa gharama, nalo linatuhusu sana sisi watu wa vijijini.

Maana mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi, na hapo ndipo huulizwa habari za barabara inayokatwa na mafuriko, za zahanati na za kisima. Asiyehudhuria huwaachia wengine fedha yake na sauti yake. Ni vivyo hivyo katika chama cha msingi cha ushirika, ambako bei ya kakao na mpunga hujadiliwa.

Huku Bara hatuna siku ya kura ya mapema kama ile iliyowekwa Zanzibar kwa ajili ya askari na watumishi wa uchaguzi. Mapema yetu ni ya namna nyingine. Ni kuhakiki jina katika Daftari la Kudumu wakati daftari linapoboreshwa. Ni kukumbuka kwamba uchaguzi wa vijiji na vitongoji una orodha yake, na kadi ya mpiga kura peke yake haitoshi: mwaka 2024 uandikishaji huo ulikuwa wa siku kumi tu, 11 hadi 20 Oktoba, kwa kura ya tarehe 27 Novemba. Ni kufika kituoni asubuhi, kabla ya kwenda shamba au ziwani, maana saa kumi jioni mlango hufungwa kwa asiye katika mstari.

Na kwa viongozi, wa chama chetu kwanza, twasema hivi: mwananchi aliyeamka alfajiri ana haki ya kura yake kuhesabiwa sawasawa na matokeo kubandikwa hadharani. Aliyeshindwa na akubali, na aliyeshinda asisahau aliyempa kazi. Kinyume cha hayo ni kurudi mwaka 1958, wakati walio wengi hawakuhesabiwa.

Basi, ndugu zetu, kaziangalieni orodha sasa.