Otto Loewi: mgunduzi wa lugha ya neva aliyenyang'anywa fedha za Nobel

Usiku wa kuamkia Machi 12, 1938, Ujerumani ilipokuwa ikiinyakua nchi jirani ya Austria, Wanazi wenye silaha walivamia nyumba ya profesa mmoja mjini Graz, wakamtia gerezani kwa sababu alikuwa Myahudi. Huyo alikuwa Otto Loewi, mzee wa miaka 64, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Loewi alizaliwa Juni 3, 1873, mjini Frankfurt, Ujerumani. Moyo wake ulipenda sanaa na historia, lakini jamaa zake walimshawishi asomee udaktari. Alipoanza kazi hospitalini aliwaona wagonjwa wa kifua kikuu na nimonia wakifa bila ya kuwapo dawa ya kuwaokoa, ndipo akaamua kuacha wodi na kuingia maabara.

Utafiti wake wa kwanza uliompatia sifa ulihusu umetaboli, yaani namna mwili unavyokitumia chakula. Mwaka 1902 alionesha kwamba mnyama anaweza kujijengea protini kutokana na chembe ndogo zilizobaki baada ya protini ya chakula kumeng'enywa. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya dawa katika Chuo Kikuu cha Graz.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba neva huamrisha viungo kwa umeme peke yake. Loewi alishuku kwamba ipo kemikali inayobeba ujumbe, ila hakujua namna ya kulithibitisha hilo. Kwa maelezo yake mwenyewe, jibu lilimjia ndotoni. Aliamka akaandika maneno machache, lakini kulipokucha hakuweza kuyasoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ilimrudia, naye akaondoka kitandani saa tisa usiku, akaenda moja kwa moja maabara.

Alichukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ingali ikidunda katika maji ya chumvi. Aliisisimua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Kisha akayahamishia maji ya moyo huo kwenye moyo wa pili, ambao hakuugusa neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921. Kemikali hiyo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi aligawana Tuzo ya Nobel na rafiki yake Mwingereza, Henry Dale.

Mwaka 1926, Loewi na mwenzake Emil Navratil walikuwa wameonesha pia kwamba mwili una kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini upesi, na kwamba dawa ya eserini, itokayo katika maharage ya Calabar ya Afrika Magharibi, hukizuia kimeng'enya hicho.

Gerezani, akihofia kuuawa, Loewi aliomba kadi ya posta, akaandika muhtasari wa jaribio lake la karibuni ili upelekwe kwa jarida la sayansi. Alipoachiliwa, alilazimishwa kuzihamisha fedha zake za Nobel kutoka Sweden hadi benki iliyokuwa mikononi mwa Wanazi, ndipo akaruhusiwa kuondoka nchini. Alipitia Ubelgiji na Uingereza, na mwaka 1940 akapokelewa na Chuo Kikuu cha New York. Alipata uraia wa Marekani mwaka 1946.

Watafiti waliomfuata walithibitisha kwamba asetilikolini hufanya kazi hata ndani ya ubongo, ambako hushikana na vipokezi vya seli kama ufunguo na kufuli. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya ugonjwa wa Alzheimer hukizuia kimeng'enya kilekile ili kemikali hiyo idumu zaidi. Sumu nyingi za kuua wadudu mashambani nazo hukizuia, lakini kwa nguvu ya kuua: mkulima aliyedhurika hutoka jasho na mate kwa wingi na kushindwa kupumua. Hospitalini hupewa atropini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini.

Otto Loewi alifariki New York Desemba 25, 1961, akiwa na umri wa miaka 88. Waliomfukuza walichukua fedha za tuzo; elimu iliyoipata tuzo hiyo ingali ikiwaokoa wagonjwa hadi leo.