Barghash bin Said

Barghash bin Said Al-Busaid (1837 – 26 Machi 1888) alikuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia Oktoba 1870 hadi kifo chake. Anajulikana kwa majumba na bustani alizojenga Unguja katika miaka ileile ambayo dola yake ilikuwa ikipungua.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, akisaidiwa na dada yao Salme (baadaye Emily Ruete). Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, Uhindi. Alirithi kiti Majid alipofariki.

Utawala

Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuharibu merikebu. Tarehe 5 Juni 1873, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa mjini. Hata hivyo, utumwa wenyewe uliendelea, na mashamba ya karafuu yalizidi kutegemea kazi ya watumwa.

Majumba na bustani

Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Kasri la Marhubi, kaskazini mwa Mji Mkongwe, lilikamilika mwaka 1882 kuwa makazi ya masuria wake. Lilikuwa na hamamu, mabwawa ya mayungiyungi na bustani ya miembe, ambayo inasemekana iliiga bustani alizoziona safarini. Liliungua mwaka 1899. Leo zimebaki nguzo na magofu ya hamamu. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba la sherehe. Kwa wakazi wa mji, faida kubwa zaidi ilikuwa maji safi aliyoyaleta kwa mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kugawana bara bila yeye kushiriki. Aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Nchi za ndani zilizopitiwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, kama Tabora na Kondoa, ziliingia upande wa Wajerumani. Barghash alilazimika kukubali mapatano hayo. Alifariki miaka miwili baadaye, akarithiwa na ndugu yake Khalifa bin Said.