Robert Koch, kipindupindu na sukari ya utumboni

Kila mvua zinapokolea hapa Rungwe, wazazi wanaoleta watoto wanaohara huniuliza swali lile lile: kwa nini mtoto anapewa maji yenye sukari na chumvi badala ya dawa ya kufunga tumbo? Ili kulijibu, wiki hii tuangalie maisha ya daktari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi nchini kwetu, Robert Koch.

Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara ya serikali. Akiwa na hadubini nyumbani kwake, alionesha mwaka 1876 kwamba kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na watu, husababishwa na bakteria. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, na Koch akatumwa Alexandria. Wafaransa nao walituma watafiti wao, na mmoja wao, kijana Louis Thuillier, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mlipuko ulipotulia, Koch alikwenda Calcutta, India. Huko aliwaona bakteria waliopinda kama alama ya mkato ndani ya utumbo wa waliokufa. Aliwakuta pia katika bwawa ambalo watu walichota maji ya kunywa na kufulia humo humo nguo za wagonjwa. Tukitenda haki, Filippo Pacini wa Italia alikuwa amewaona tangu mwaka 1854, ila hakusikilizwa.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliochuja maji ya mto huo huo kwa mchanga, uliguswa kidogo tu. Koch alitumia mfano huo kuwaonesha waliobisha kwamba ugonjwa hupitia majini.

Alikuwa na makosa pia. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu ambayo haikuponya. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam na kuchunguza malaria. Alirudi Afrika Mashariki baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905. Kati ya mwaka 1906 na 1907, Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg chini ya Wajerumani, alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Tunapomsifu, tuwakumbuke na hao. Alifariki mwaka 1910 akiwa na miaka 66.

Koch alihisi kwamba bakteria wa kipindupindu hutoa sumu, lakini hakuipata. Aliyethibitisha ni Sambhu Nath De, huko huko Calcutta, mwaka 1959. Baadaye wanasayansi waligundua jinsi sumu hiyo inavyoingia. Seli za utumbo wetu zimefunikwa na minyororo ya sukari, na mingi huwa na kipande kiitwacho asidi ya sialiki. Bakteria wa kipindupindu hutoa kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: hukata vipande hivyo na kubakiza mnyororo mfupi zaidi uitwao GM1. Hapo ndipo sumu inaponasa. Ikishaingia, huilazimisha seli kumwaga chumvi bila kukoma, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja.

Sasa turudi kwenye swali la mzazi. Sumu hiyo haiharibu mlango mwingine wa seli, ule unaopokea sukari na chumvi kwa pamoja. Glukosi ikifika hapo na chumvi, vyote huingia na maji huvifuata. Ndiyo maana maji ya ORS hurudisha uhai hata kabla kuhara hakujakoma. Dawa ya kufunga tumbo hairudishi maji yaliyopotea, na kwa mtoto mdogo inaweza kudhuru. Kipindupindu kikali kisipotibiwa huweza kuua nusu ya wagonjwa. Kikitibiwa mapema, hufa chini ya mmoja kati ya 100.

Kwa hiyo, mzazi, changanya pakiti ya ORS na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa, kwa kawaida lita 1. Usikadirie kwa macho. Mpe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe kila anapohara. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole. Endelea kumnyonyesha, na mpe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo huku ukimnywesha njiani.

Mto Kiwira unashuka kutoka kwetu hadi Kyela na Ziwa Nyasa. Choo kikifurika huku juu, kuna mtoto wa huko chini atakayekunywa maji hayo. Funika choo, chemsha maji ya kunywa, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto.